Juu ya Kura, Duru na Enkiguena: Jinsi Watu wa Ololosokwan Wanavyokata Shauri

Neno "kura" ni mgeni aliyekaa sana hata watu wakasahau alikotoka. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni kitu cha kubahatishia, kijiti au kipande kinachotupwa ili ijulikane fungu ni la nani. Wasomaji wetu watakumbuka habari ya Mathia katika kitabu cha Matendo ya Mitume, jinsi alivyopewa mahali pa Yuda. Hawakuhesabiwa watu waliomtaka yeye na watu waliomtaka mwenziwe. Kura ilitupwa, ikamwangukia yeye, basi. Leo neno lilo hilo twalitumia kwa jambo linaloelekea kuwa kinyume chake, maana mtu hupiga kura kwa sababu amepima moyoni mwake, si kwa sababu ameiachia bahati. "Shauri" nalo lilitoka Uarabuni, na maana yake ni kuulizana. "Baraza" lilikuwa kwanza kile kibaraza cha mbele ya nyumba za pwani, mahali pa kuketi jioni, kabla halijawa jina la watu wenyewe walioketi.

Twaanza na maneno kwa kuwa katika mambo haya maneno huwapoteza watu. Mtu husikia kwamba kijiji fulani "kimeamua", wala hadhani kwamba ziko njia nyingi za kuamua, na kwamba uamuzi waweza kugeuka kwa kubadili njia tu, hali watu ni wale wale na nia zao ni zile zile. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza. Tumechagua Ololosokwan kwa sababu huko njia mbili zimekutana chini ya mti mmoja: njia ya kusema hata watu wawe na neno moja, na njia ya kuhesabu mikono.

Ololosokwan ni kijiji cha tarafa ya Loliondo, katika wilaya ya Ngorongoro. Kaskazini yake ni mpaka wa Kenya, na magharibi yake ni Hifadhi ya Serengeti. Wenyeji wake ni Wamasai. Katika tarafa ile wako Wapurko, Waloita na Walaitayok, kila watu na mila zao ndogo ndogo, lakini namna ya kufanya mkutano ni moja kwa wote.

Mkutano huo huitwa enkiguena. Mwenye kuusemea huitwa olaiguenani, na wakiwa wengi ni ilaiguenak; katika Kiswahili cha magazeti jina hilo huandikwa laigwanan. Shina la maneno hayo mawili ni moja, nalo ni la kushauriana, basi olaiguenani kwa maana ya jina lake si mtawala ila mshauri. Wageni wengi wamekosea hapa. Walipomwona mtu mwenye rungu jeusi, naye asikilizwa na wote, walidhani wamempata mfalme wa Wamasai. Nao Wamasai hawakuwa na mfalme. Kila rika huwekewa olaiguenani wake tangu ujana, na wanaolisimamia jambo hilo ni wazee wa olpiron, yaani wale wa rika la pili juu yao, ambao ndio walezi wa rika jipya. Hutafutwa kijana mwenye mwili mzima usio na ila, wa jamaa njema, mpole wa kinywa, asiye na deni la damu. Tena haombi. Anayejitokeza mwenyewe na kusema "nichagueni mimi" amekwisha kujiharibia, na mara nyingi wazazi wa aliyechaguliwa husikitika, kwa sababu mwana wao ameondolewa katika starehe za ujana akapewa mizigo ya watu. Mwenye kuzoea uchaguzi wa siku hizi, wenye picha za wagombea zilizobandikwa katika kila mti, na aipime tofauti hiyo.

Sasa mkutano wenyewe. Watu huketi kivulini, kila rika mahali pake, wazee mbele. Mzee huanza kwa dua, na wote humwitikia. Kisha aliye na neno husimama, naye hushika fimbo au rungu. Aliyeketi hana zamu ya kusema, na aliyesimama hakatizwi. Hutembea hatua chache huku na huku, husema, hunyamaza, hurudia alilolisema kwa maneno mengine. Mgeni atachoka upesi kwa marudio hayo. Atasema, "Huyu hakuongeza kitu, amesema aliyoyasema mwenziwe." Nasi tulifikiri hivyo zamani, mpaka tulipotambua kwamba marudio yale ndiyo hesabu yenyewe. Mzee akirudia maneno ya mwenziwe amejiweka upande wake, mbele ya watu wote, kwa kinywa chake. Akiyarudia na kupunguza kidogo, amekubali nusu. Akisimama na kusifu mvua ya mwaka uliopita asiliguse jambo lililo mbele yao, amekataa, na wote wamesikia. Olaiguenani amesikiliza tangu asubuhi, naye husema mwisho. Kazi yake si kutoa neno jipya. Hukusanya yaliyosemwa na kuyafunga, kama mtu afungavyo kuni alizokatiwa na wengine. Kama hayafungiki haamui kwa nguvu. Shauri hulala, watu hurudi makwao, na siku nyingine huitwa tena.

Mtu akiuliza, enkiguena yataka kujua nini, twajibu: yataka kujua ni nani ambaye bado. Mwenye kuhesabu kura huuliza, ni wangapi. Kwa mbali maswali hayo yafanana, lakini tofauti yao ni kubwa. Katika swali la pili, walio wachache wakiisha kuhesabiwa kazi imekwisha. Katika swali la kwanza, walio wachache wakiisha kujulikana ndipo kazi inapoanza, maana watu watawaendea nyumbani, watakunywa chai nao, watawauliza wana nini, hata mmoja wao aseme, "Basi, kama ndama wangu hawatazuiliwa kunywa pale, mimi sina neno."

Sababu ya desturi hiyo si upole wa tabia tu. Wafugaji wana kisima kimoja na majani mamoja. Siku za kiangazi, wakisema kwamba sehemu fulani ifungwe kwa ajili ya ndama, ile wanayoiita olokeri, hakuna askari wa kuilinda usiku na mchana. Aliyeshindwa mkutanoni, naye hakuridhika, atapitisha ng'ombe wake alfajiri, na asubuhi ya pili mwingine atamfuata, na siku ya tatu hakuna majani. Kwa hiyo ridhaa ya mtu wa mwisho ni boma la malisho yale. Liko jambo la pili ambalo hutajwa mara chache. Zamani asiyeridhika kabisa alikuwa na njia nyingine: alihama. Alikusanya mifugo yake na wake zake, akavuka bonde, akajenga mahali pengine, wala hapakuwa na ugomvi. Neno moja la enkiguena lilipatikana kwa kusema, lakini lilipatikana pia kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Mlango huo umefungwa kidogo kidogo. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Tarehe 21 Aprili 1958 ilaiguenak 12 walitia alama zao katika hati ya kukubali kwamba Wamasai waondoke Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 sheria ikaigawa nchi ile kuwa Hifadhi ya Serengeti upande mmoja na Ngorongoro upande wa pili. Msomaji aliyetufuata hata hapa ataona mara moja shida iliyomo. Olaiguenani ni mfungaji wa maneno yaliyosemwa. Lakini je, asiposemewa neno mkutanoni, afunga nini? Serikali ya wakati ule ilitafuta watu wa kuweka alama, kwa desturi ya Kizungu ya kwamba mkubwa akitia sahihi watu wake wote wametia. Lakini kwa desturi ya Kimasai mtu wa namna hiyo hakuwako. Nchini Kenya jambo kama hilo lilikwisha kutokea kabla: Wamasai walihamishwa kwa mapatano ya 1904 na tena ya 1911, na mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani kudai kwamba mapatano ya 1911 hayakuwafunga. Walishindwa. Sisi hatusemi kwamba wazee 12 wa mwaka 1958 walikuwa wabaya, wala kwamba walihongwa. Twasema waliulizwa swali ambalo cheo chao hakikuwapa uwezo wa kulijibu.

Habari hizo za kale zasaidia kueleza kwa nini watu wa Ololosokwan siku hizi ni waangalifu sana na karatasi. Mwaka 2017 Halmashauri ya Kijiji cha Ololosokwan, pamoja na za Oloirien, Kirtalo na Arash, iliishitaki Serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki kwa ajili ya ardhi yao. Shauri lilikataliwa tarehe 30 Septemba 2022. Tarehe 29 Novemba 2023 majaji wa rufani wakaitangua hukumu hiyo na kuamuru lisikilizwe upya. Katikati ya miaka hiyo, mwezi Juni 2022, vigingi viliwekwa kutenga kilometa za mraba 1,500 za Loliondo. Katika mambo ya namna hiyo haitoshi kusema "wazee wamekubali" au "wazee wamekataa". Mahakama huuliza: mkutano uliitishwa na nani, siku gani, na muhtasari wake uko wapi?

Sheria ya Tanzania imejibu maswali hayo kwa njia yake. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ndio mkubwa kuliko wote kijijini. Chini yake ni halmashauri ya kijiji, ya watu wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kuigawa pasipo kibali cha mkutano mkuu. Tena ikiwa ardhi ya kijiji yatakiwa ihamishwe kwa matumizi mengine, na eneo lake halifiki hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Likifika au kuzidi hapo ni neno la Waziri. Hekta 250 ni kilometa mbili na nusu za mraba. Ng'ombe wenye afya huzivuka kabla ya saa sita.

Basi chini ya mti ule ule walipoketi wazee, sasa huketi mwenyekiti na mtendaji wa kijiji mwenye daftari. Mwenyekiti husema, "Wanaoafiki wanyoshe mikono." Mikono huhesabiwa. "Wasioafiki?" Huhesabiwa tena. Kisha husema kama Spika wa Bunge, "Walioafiki wameshinda," na mtendaji huandika. Njia hii ina sifa yake. Ni ya haraka, ni ya wazi, mkono wa maskini ni sawa na mkono wa mwenye ng'ombe mia tano, na karatasi yake yasomeka Arusha na Dodoma. Ikiwa jambo lina pande mbili tu, ndiyo au siyo, haina matata makubwa.

Matata huanza pande zikiwa tatu. Hapa twamwomba msomaji atulie, kwa kuwa jambo lenyewe ni la ajabu, na mtu hulielewa tu akilipitia polepole. Tuseme kijiji chataka kujua kiangazi hiki ng'ombe waende wapi: mtoni, mlimani au mbugani. Tuseme tena kijiji kina mitaa mitatu yenye watu sawasawa. Mtaa wa kwanza wapenda mtoni kwanza, kisha mlimani, na mbugani mwisho. Mtaa wa pili wapenda mlimani kwanza, kisha mbugani, na mtoni mwisho. Mtaa wa tatu wapenda mbugani kwanza, kisha mtoni, na mlimani mwisho.

Mwenyekiti asiye na hila aweza kusema, "Na tuamue mawili mawili." Aulize kwanza: mtoni au mlimani? Mitaa ya kwanza na ya tatu wataka mtoni, mlimani pameshindwa. Aulize tena: mtoni au mbugani? Mitaa ya pili na ya tatu wataka mbugani. Basi ng'ombe waende mbugani, na kila kitu kimefanywa kwa haki. Lakini kama angalianza kwa kuuliza mlimani au mbugani, mlimani pangalishinda, kisha mlimani na mtoni zikipambanishwa mtoni pangalishinda. Na kama angalianza na mbugani na mtoni, mbugani pangalishinda kwanza, na mwisho mlimani pangaliishinda mbuga. Watu ni wale wale, nia ni zile zile, hakuna aliyedanganya. Nchi iliyoachwa ingojee duru ya mwisho ndiyo iliyoshinda kila mara. Aliyepanga maswali ndiye aliyeamua, naye pengine hajui mwenyewe kwamba ameamua. Mfaransa Condorcet aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1785, kwa hesabu ngumu kuliko hii yetu ya majani.

Tumetumia neno "duru". Nalo ni la Kiarabu, lina maana ya kuzunguka. Katika uchaguzi duru ni kupiga kura, kuhesabu, kumwondoa mmoja au zaidi, na kupiga kura tena. Nia yake ni kumzuia mtu asishinde kwa sababu tu wapinzani wake wamegawanyika. Wagombea watatu wakigawana kura, aliye mbele aweza kuwa na theluthi moja na kidogo, hali theluthi mbili wote hawamtaki. Duru ya pili huwauliza wale waliompa kura aliyeondolewa: "Huyu wenu hayuko tena, kati ya hawa wawili mwaona nani?" Msomaji mwema, je, husikii hapo sauti ya enkiguena? Ni lile swali la nani ambaye bado, limevaa nguo za hesabu.

Mfano mkubwa katika nchi yetu ni ule wa Dodoma, mwezi Julai mwaka 1995, mkutano mkuu wa Chama cha Mapinduzi ulipomtafuta mgombea wa urais. Waliofika mwisho walikuwa watatu. Duru ya kwanza Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459, na Cleopa Msuya 336. Kama ingalikuwa kura ya mara moja, Kikwete angalitoka na ushindi. Lakini 534 haikuwa nusu ya wote, kwa hiyo Msuya aliwekwa kando na kura ikapigwa tena. Mkapa alipata 686, Kikwete 639. Tazama hesabu: Kikwete aliongeza kura 105, Mkapa akaongeza 227. Waliompenda mtu wa tatu ndio walioamua, nao katika duru ya kwanza ndio waliokuwa wachache kuliko wote. Kikwete alikubali, akangoja miaka kumi, naye akachaguliwa kuwa Rais mwaka 2005. Kwamba alikubali, na watu wake wakakubali, twadhani ni kwa sababu duru ya pili ilimwonyesha jambo ambalo ya kwanza haikuweza kuonyesha.

Walio hodari wa duru kuliko wote ni Makardinali wa Roma. Kwao nusu haitoshi, tangu mwaka 1179 yatakiwa theluthi mbili. Tena kwa kawaida haondolewi mtu; hupiga kura ile ile, mara nyingi, mpaka theluthi mbili wapatikane. Huko Viterbo walikaa tangu mwaka 1268 hata 1271 bila kupatana, na watu wa mji wakawafungia ndani. Papa aliyepatikana, Gregorio wa Kumi, alitoa amri mwaka 1274 kwamba tangu hapo wafungiwe, na wakikawia chakula kipunguzwe. Mwezi Mei mwaka 2025 Makardinali 133 walimpata Papa Leo wa Kumi na Nne siku ya pili, katika kura ya nne. Mtu aweza kuuliza, ikiwa hawaruhusiwi kuhubiriana katika kanisa lile la kura, kura ya pili hutofautianaje na ya kwanza? Jibu ni kwamba hesabu yenyewe imesema. Kardinali aliyeona jina lake limepata kura tano ameambiwa neno, na waliompa wameambiwa neno. Usiku wakila pamoja watayafikiri. Wamasai nao hulaza shauri.

Si kila nchi imeona faida ya duru. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo ya kura katika kaunti zaidi ya nusu. Asipopata, wawili wa mbele hurudi kwa wananchi ndani ya siku 30. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka kwa asilimia 50.07, na mwaka 2022 William Ruto kwa 50.49, basi duru ya pili haikuhitajika, ingawa ilikuwa karibu mlangoni. Kongo walifanya duru mbili mwaka 2006. Tarehe 30 Julai Joseph Kabila alipata asilimia 44.8 na Jean-Pierre Bemba 20; tarehe 29 Oktoba Kabila akapata 58, Bemba karibu 42. Lakini katikati, matokeo ya kwanza yalipotangazwa mwezi Agosti, askari wa pande mbili walipigana siku tatu Kinshasa. Mwezi Januari 2011 Katiba yao ikabadilishwa, duru ya pili ikaondolewa. Mwaka ule Kabila alishinda kwa asilimia 48.95, na mwaka 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa kwa 38.57. Tanzania nayo ilitaka zaidi ya nusu katika uchaguzi wa 1995, lakini badiliko la 13 la Katiba, la mwaka 2000, likaweka kwamba aliye na kura nyingi kuliko wenzake atosha. Wenye kuiondoa duru husema ni ghali na huchosha watu, tena huacha majeraha wazi kwa miezi. Si uongo. Walakini sisi twaona kwamba gharama hiyo haiondoki; hulipwa baadaye, na wale waliogawanyika, ambao hawakuulizwa mara ya pili.

Turudi Loliondo. Mtu asidhani kwamba twaisifu enkiguena hata kuificha ila yake. Ina ila kubwa mbili. Ya kwanza, si wote waketio. Kwa desturi wanawake hawakuwa na nafasi ya kusimama na rungu mbele ya wazee, nao ndio wajengao nyumba, wakamao maziwa, na wajuao ndama yupi amekonda. Neno moja la wanaume si neno moja la boma. Sheria ya 1999 iliposema kwamba baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake, iliingiza hesabu mahali ambapo desturi isingalifika upesi. Wala wanawake wenyewe hawakungoja sheria: mwaka 2013, Serikali ilipotangaza nia ya kutenga zile kilometa 1,500, wanawake wa Loliondo walikusanyika kwa wingi wakasema, na waume zao walisikiliza. Ila ya pili ni kwamba mahali pa kusema mpaka mwisho, mwenye mapafu na mwenye wakati hushinda. Mzee mwenye vijana wa kuchunga aweza kukaa chini ya mti siku tatu; mjane mwenye mbuzi sita hawezi. Atakubali adhuhuri ili awahi kisima, na kukubali kwake kutafungwa pamoja na kuni nyingine.

Kura ya mkono hutibu ila hiyo ya pili, ikaleta nyingine, maana mkono huonekana. Kijana hatanyosha mkono wake kinyume cha mzee wa olpiron aliyemlea, hata akiwa na hakika. Kwa ajili hiyo kura ya siri ni ya thamani, na uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, uliofanywa mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, ni wa siri. Lakini huko mgombea hana budi kudhaminiwa na chama cha siasa, na aliye na kura nyingi ameshinda kwa mara moja, bila duru. Kwa hiyo mtu yule yule wa Ololosokwan aweza kuishi katika desturi tatu kwa mwaka mmoja: olaiguenani ambaye hakuomba, mwenyekiti aliyeomba, na mkutano mkuu ambao humo yeye mwenyewe ni mjumbe.

Yale tuliyoyaona huko ni kwamba watu wameyashona mambo haya bila kuagizwa na mtu. Kabla mikono haijanyoshwa, shauri husemwa kwa desturi ya kale, pengine siku mbili, pengine tatu, na mara nyingi mambo ya ndani husemwa katika boma moja moja kabla hayajaletwa mkutanoni. Ikionekana kwamba wachache wangali hawajaridhika, mwenyekiti mwenye busara haiti kura. Huomba mzee fulani akawaone jioni. Siku ya kunyosha mikono hakuna tena jambo la kugundua, mikono ni kama muhuri juu ya barua iliyokwisha andikwa. Mtendaji huandika idadi ya waliohudhuria, wanaume mbali na wanawake mbali, kila mtu hutia sahihi au kidole gumba, na daftari hufungwa.

Mara nyingi lililoandikwa katika daftari hilo ni kwamba mkutano umeamua "kwa kauli moja". Tumezisoma kauli hizo mahali pengi, si huko tu. Mara nyingine ni kweli tupu, na walioandika walikwisha kulala nalo siku tatu. Mara nyingine ni kwamba walioona vingine waliondoka mapema kunywesha ng'ombe. Karatasi haionyeshi tofauti, na mzee mmoja wa huko, tulipomwuliza yeye aijuaje, alitujibu kwamba yeye hutazama alfajiri ya siku ya pili ni ng'ombe wa nani walioingia olokeri.